Injini Inapomisi: Kutafuta Chanzo kabla ya Kununua Spea

Katika injini ya petroli yenye silinda nne, krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hupata msukumo mmoja kila inapozunguka nusu mzunguko, na silinda zote nne humaliza zamu zao katika mizunguko miwili. Silinda moja isipowaka zamu yake inapofika, yaani injini inapomisi, krenki hupungua mwendo kwa muda mfupi mno, na dereva huuhisi upungufu huo kama mtikisiko kwenye kiti na usukani, mlio unaokatika katika ekzosi, au gari kusitasita linapokanyagwa mafuta. Sababu za injini kumisi ni nyingi, lakini zote zinaangukia katika makundi matatu: cheche ni dhaifu au haipo, mchanganyiko wa hewa na petroli umekosea, au silinda haishiki mgandamizo. Kazi ya fundi ni kujua kwanza yuko katika kundi lipi.

Hapa Tabora mpangilio wa uchunguzi una uzito zaidi kuliko ulivyo Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kutoka gereji na kurudi na koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, mkononi mchana huohuo. Spea ya gari lisilo la kawaida huagizwa Mwanza au Kariakoo, huja kwa basi, na muuzaji hakubali kupokea tena kifaa cha umeme ambacho kimekwisha kufungwa. Mwenye gari anayeanza kwa kubadilisha plagi, akafuata koili zote nne, akamalizia na pampu ya mafuta, anaweza kugundua baada ya gharama zote hizo kwamba tatizo lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: kisinunuliwe kifaa chochote kabla haijajulikana ni silinda ipi inayomisi, na kabla hitilafu haijaonekana ikihama, au ikikataa kuhama, pamoja na kifaa kinachohamishiwa silinda nyingine.

Taa ya injini na misimbo

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, kompyuta imehifadhi hitilafu na gari linaweza kuendeshwa taratibu hadi kwa fundi. Taa hiyo ikipepesa, yaani ikiwaka na kuzima mfululizo, maana yake ni kwamba injini inamisi kwa kiwango kinachoweza kuharibu masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Petroli isiyoungua kwenye silinda huenda kuungua kwenye masega, joto lake hupanda kupita kiasi, na kauri iliyo ndani huyeyuka na kuziba njia ya moshi. Dereva apunguze mwendo mara moja na asimame mahali salama. Wakati wa kiangazi, nje ya mji, asisimamishe gari juu ya nyasi kavu, kwa kuwa ekzosi ya gari lililokuwa likimisi inaweza kuwasha moto porini.

Kifaa cha kusomea misimbo, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, ndicho mwanzo wa kazi. Msimbo P0301 unataja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu na P0304 ya nne, ilhali P0300 unasema kwamba kumisi kunatokea katika silinda mbalimbali bila mpangilio. Misimbo mingine inayoambatana nayo isomwe na kuandikwa kabla ya chochote kufutwa, kwa maana mara nyingi ndiyo inayotoa jibu: P0171 huonyesha kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli, P0172 kinyume chake, P0351 hadi P0354 huhusu nyaya za koili, P0201 hadi P0204 nyaya za nozeli zinazomimina petroli, na P0016 huonyesha kwamba krenki na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, hazisomeki katika nafasi zinazolingana, jambo linalotuelekeza kwenye cheni ya taimingi inayoziunganisha. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayajibu vifaa vya bei nafuu au hujibu nusunusu, hata kama soketi yake inafanana. Gari la namna hiyo lipimwe kwa mashine inayoelewa lugha ya kampuni iliyolitengeneza.

Ni vizuri kufahamu jinsi kompyuta inavyojua kwamba silinda imemisi, kwa sababu haioni cheche wala moto. Inapima kasi ya krenki kupitia sensa, na inapoona krenki imechelewa katika zamu ya silinda fulani, inahesabu kosa kwa silinda hiyo. Barabara ya changarawe yenye matuta madogo ya mfululizo hurudisha mtikisiko kutoka kwenye magurudumu hadi kwenye krenki, na katika baadhi ya magari mtikisiko huo huhesabiwa kimakosa kuwa ni kumisi. Ikiwa taa iliwaka gari likiwa katika barabara mbovu ya vijijini, na injini inaunguruma vizuri kabisa mjini, misimbo iandikwe, ifutwe, na gari lijaribiwe kwanza kwenye lami.

Silinda moja au zote

Msimbo wa silinda moja unaojirudia kila mara unaelekeza kwenye vitu ambavyo silinda hiyo haishirikiani na wenzake, navyo ni plagi yake, koili yake, nozeli yake, nyaya zake, na valvu na ringi zake. P0300, au misimbo ya silinda tatu nne kwa pamoja, unaelekeza kwenye vitu vinavyotumiwa na zote: presha ya petroli, hewa inayoingia kwa njia isiyo halali, sensa ya hewa, taimingi, au petroli yenyewe. Koili nne hazifi siku moja. Fundi anayeagiza koili nne kwa sababu ya P0300 bila kupima presha ya petroli anafanya kazi ya kubahatisha kwa fedha za mwingine.

Gari lisilo na mashine ya kulipima bado linaweza kuonyesha silinda mbovu. Injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, soketi ya nozeli moja ichomolewe, mlio usikilizwe, kisha irudishwe na kuhamia nyingine. Soketi ya silinda isiyo na hitilafu ikichomolewa, injini itayumba zaidi, lakini ya silinda ambayo tayari haifanyi kazi haitaleta tofauti yoyote. Wengi hufanya jaribio hili kwa kuchomoa koili badala ya nozeli, na ninalipinga zoea hilo kwa nguvu zote. Koili ikichomolewa, petroli inaendelea kumiminwa kwenye silinda isiyo na cheche, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuunguza masega. Zaidi ya hayo, koili ya kisasa hutoa makumi ya maelfu ya volti, na cheche inayokosa njia yake inaweza kuharibu koili yenyewe au kumdhuru anayeishika.

Kuhamisha kifaa ili hitilafu ihame

Tuseme msimbo ni P0302. Injini izimwe na iachwe ipoe, kisha koili ya silinda ya pili ibadilishane nafasi na ya silinda ya tatu, huku plagi na nozeli zikiachwa mahali pake. Misimbo ifutwe, gari liendeshwe katika hali ileile iliyokuwa ikilifanya limisi, na misimbo isomwe upya. Ukisomeka P0303, koili ndiyo mbovu na inaweza kuagizwa bila wasiwasi. Ukibaki P0302, koili imeondolewa lawama, na hatua ya pili ni kubadilishana plagi za silinda hizohizo mbili na kurudia jaribio. Ikiwa bado hitilafu haijahama, inafuata nozeli, ambayo kuifungua kuna kazi zaidi na hudai mipira mipya ya kuzibia. Hitilafu isiyohama hata baada ya nozeli kubadilishwa nafasi imebaki kwenye nyaya za silinda hiyo au ndani ya injini.

Njia hii haihitaji gharama, na ushahidi wake ni wa wazi kwa fundi na kwa mwenye gari. Ina sharti moja tu, kwamba kihamishwe kitu kimoja kwa wakati. Koili na plagi zikihamishwa pamoja na hitilafu ikahama nazo, hakuna anayejua ni ipi kati yake iliyo mbovu. Kubadilisha nafasi ni bora pia kuliko kupima koili kwa mita, kwa kuwa koili nyingi za Toyota zenye nyaya nne zina sakiti ya kielektroniki ndani yake, na kipimo cha ukinzani hakielezi kama itatoa cheche ikiwa imepata moto. Nozeli za kawaida, zile zinazomimina petroli kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, zinapimika: nyingi huonyesha takribani ohm 12 hadi 16, na moja ikionyesha tofauti kubwa na wenzake ni mbovu. Nozeli inayopita kipimo hiki bado inaweza kuwa imeziba kwa uchafu, kwa hiyo kipimo kizuri hakiifanyi kuwa nzima.

Kabla ya kulaumu nozeli au koili, soketi na nyaya zikaguliwe kwa macho na kwa vidole. Nyumba nyingi huweka mazao karibu na mahali gari linapolala, na panya wanaofuata mahindi hupanda kwenye injini yenye uvuguvugu na kutafuna ganda la nyaya.

Kusoma plagi

Plagi zote nne zipangwe kwa utaratibu wa silinda zilikotoka na zitazamwe kwenye mwanga wa jua. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda inayoungua vizuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi, na plagi iliyolowa petroli imekosa cheche. Oili nzito nyeusi kwenye ncha inatoka kwa ringi au mipira ya valvu, lakini oili iliyo juu kwenye mwili wa plagi, nje ya uzi, ni suala jingine na jepesi zaidi: mipira ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, imechoka, oili imejaa kwenye shimo la plagi, na mpira wa koili umelainika hadi unavujisha umeme. Plagi moja ikiwa safi na nyeupe kuliko zote, kana kwamba imeoshwa, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda yake.

Kauri ya plagi ikiwa na mstari mwembamba mweusi unaoshuka kuelekea kwenye chuma, umeme umejitengenezea njia ya mkato. Mstari kama huo huwa upo pia ndani ya mpira wa koili, na plagi mpya ikivishwa mpira uleule itaharibika muda si mrefu. Vibadilishwe vyote viwili.

Plagi za iridiamu zimekusudiwa kudumu takribani kilomita 100,000, na za kawaida zenye ncha nene ya nikeli takribani 20,000. Gari lililoagizwa likiwa limetumika halina historia ya kuaminika, kwa hiyo plagi zake zikaguliwe tangu mwanzo. Madukani kuna bandia nyingi ambazo boksi lake ni zuri kuliko plagi iliyomo: ncha ya iridiamu halisi ni nyembamba, chini ya milimita 1, na imechomelewa katikati bila kuyumba. Kwa kukosa spana ya kupimia nguvu, plagi mpya ya uzi wa milimita 14 yenye washa ikazwe kwa mkono injini ikiwa imepoa hadi iguse, kisha izungushwe nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Uzi wa silinda hedi ya aluminiamu ukikatika, gharama yake ni kubwa kuliko seti nzima ya plagi.

Dalili kwa kufuata wakati zinapotokea

Injini inayomisi ikiwa imetulia na kunyooka mara inapokanyagwa mafuta huwa inavuta hewa isiyopitia mahali pake. Wakati imetulia hewa inayoingia ni kidogo, kwa hiyo hata ufa mdogo kwenye mpira au gasketi ya manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, unaharibu mchanganyiko, lakini injini ikipata kasi ufa huohuo hauna uzito. Mashine inathibitisha jambo hili kupitia namba ya marekebisho ya petroli ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza petroli: ikizidi asilimia 10 juu ya sifuri gari likiwa limetulia, na ikashuka kuelekea sifuri kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, ufa upo. Namba hiyo ikipanda kadiri injini inavyobeba kazi, petroli haitoshi au sensa ya hewa inadanganya. Vumbi la kiangazi chetu ni jembamba, na ekleana, yaani kichujio cha hewa, ambayo haikukaa sawasawa kwenye kasha lake hupitisha vumbi la kutosha kuifunika sensa hiyo. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, isiguswe kwa kitambaa. Kutafuta ufa kwa kupulizia petroli kwenye injini inayounguruma, kama baadhi wanavyofanya, ni hatari ya moto isiyokuwa na sababu, maana sikio, mpira mwembamba wa kusikilizia na moshi hufanya kazi hiyohiyo.

Injini inayomisi inapobeba kazi tu ni tatizo linalojificha katika mji wetu, kwa sababu Tabora ni tambarare. Gari linaweza kuzunguka kutoka Ng'ambo hadi Cheyo miezi mingi bila dalili, kisha likaanza kukohoa siku linapopanda vilima vya Kasulu likiwa na abiria na mizigo. Mgandamizo ndani ya silinda unapokuwa mkubwa, cheche huhitaji volti kubwa zaidi kuruka, na hapo ndipo plagi iliyolika au mpira wa koili wenye ufa unaposhindwa. Kulijaribu gari la aina hii mjini kunawezekana: kwenye barabara nyoofu isiyo na watu, likiwa katika gia ya juu na mwendo mdogo, likanyagwe mafuta kwa wingi kwa sekunde chache. Likikohoa hapo bila msimbo wa silinda moja, presha ya petroli ipimwe. Katika injini nyingi za Toyota zisizo za D-4 (zile zinazomimina petroli moja kwa moja ndani ya silinda), kama 1NZ-FE ya IST na Probox, inatakiwa iwe takribani kPa 304 hadi 343, na isishuke gari linapokanyagwa.

Kumisi kunakoanza baada ya kujaza mafuta kunajieleza. Petroli ya madumu na chupa za barabarani hupata maji kwa urahisi wakati wa masika, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tanki, mahali hasa pampu inapovuta. Kiasi kidogo kichukuliwe kutoka kwenye njia ya mafuta na kuwekwa kwenye chupa ya kioo kwa nusu saa, na maji yatajitenga chini. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa umepungua tangu serikali ilipopandisha kodi yake mwaka 2011, lakini plagi zote nne zikijaa masizi kwa pamoja baada ya kujaza, na injini ikigonga inapopandisha, petroli hiyo itolewe yote.

Kumisi baada ya kuosha injini au kuvuka dimbwi ni maji kwenye mashimo ya plagi. Yapulizwe kwa upepo, na mipira ya koili ikaguliwe, kwani mpira mzima hauruhusu maji.

Kumisi asubuhi kwa dakika chache, kukifuatana na moshi mweupe na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja nje, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Gari lililowahi kuchemsha lishukiwe zaidi. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, kisha iwashwe: mapovu yasiyokoma ni moshi unaopenya kutoka kwenye silinda. Ikiwa moshi mweupe haupo na gari ni Noah, Premio au Allion yenye injini ya 1AZ-FSE, yaani D-4, fikra za kwanza ziende kwenye kaboni. Injini hiyo inamimina petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na petroli, na masizi hujijenga juu yake mwaka baada ya mwaka. Dawa za kumimina kwenye tanki haziwezi kuyafikia. Manifodi ifunguliwe na valvu zisafishwe kwa mkono.

Kupima mgandamizo katika mwinuko wa Tabora

Hitilafu iliyokataa kuhama hupelekea kupima mgandamizo. Injini iwe na joto la kazi, betri iwe imejaa, plagi zote zitolewe, fyuzi ya petroli ing'olewe, na pedali ikanyagwe hadi mwisho injini inapozungushwa na stata. Mafundi wengi hulinganisha matokeo na kitabu, na wapo walioshusha injini nzima kwa sababu ya ulinganisho huo. Vipimo vya vitabu huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ni takribani kPa 101. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na kanieneo ni takribani kPa 88, kwa hiyo silinda nzima ambayo kitabu kinaitaka itoe kPa 1,400 hapa itatoa takribani 1,200. Kigoma, kwenye mita 775 hivi kando ya ziwa, tofauti ni ndogo zaidi.

Silinda ilinganishwe na wenzake. Iliyo chini kwa kiasi kikubwa itiwe kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na ipimwe tena: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kisipopanda, valvu haikai vizuri au gasketi imeungua. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yake. Zote nne zikiwa chini kwa kiwango kinacholingana, hata baada ya kuzingatia mwinuko, taimingi iangaliwe kwanza kabla ya kufikiria kufungua injini.

Baada ya matengenezo

Misimbo ifutwe ili kompyuta isahau marekebisho iliyojifunza wakati wa ubovu, kisha gari liendeshwe likiwa baridi, likiwa na joto, likiwa limetulia na likiwa na mzigo. Mashine nyingi huonyesha hesabu ya kumisi ya kila silinda, na hesabu hiyo inatakiwa ibaki sifuri au karibu yake katika hali zote hizo.

Injini isiyomisi tena lakini isiyotaka kupanda mizunguko wala kufikia mwendo wake wa zamani inaweza kuwa na masega yaliyoziba kwa kuyeyuka. Sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega ifunguliwe ikiwa imepoa, injini iwashwe bila ya sensa hiyo kwa jaribio fupi, na pedali ikanyagwe. Nguvu zikirudi, moshi ulikuwa umekosa njia, na masega yana haja ya kubadilishwa. Zisiporudi, ekzosi isikatwe, uchunguzi urudi kwenye presha ya petroli na taimingi.